Kabla Hujanunua Mota: Historia ya Pawa Windo na Kwa Nini Yako Imekataa

Kuna sentensi moja fupi ambayo imewamaliza pesa watu wenye magari ya zamani hapa Kenya: "Hiyo ni mota, boss." Dirisha limekataa kupanda, umefika gereji, fundi amebonyeza swichi mara mbili, amesikia kimya, na hukumu imetoka. Unatumwa Kirinyaga Road kutafuta mota ya ex-Japan. Unarudi nayo, inafungwa, dirisha linapanda, unalipa. Wiki mbili baadaye kioo kiko chini tena, na mvua ya Aprili haiulizi ulimlipa nani.

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea mpaka mwisho: mara nyingi ile mota ya kwanza haikuwa na makosa. Tunaihukumu kwa sababu ndiyo kitu pekee tunachokijua ndani ya mlango. Hatujui pawa windo ilitoka wapi. Haikubuniwa siku moja ikaja ikiwa kamili. Iliongezwa kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 80, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilikuja na ugonjwa wake. Ukijua ni tabaka gani lilikuja lini na kwa nini, unajua pa kuanza kutafuta. Usipojua, unanunua vitu ukitumaini.

Kwa hivyo leo tunaenda polepole, toka mwanzo.

Kwanza kulikuwa na mkono wako

Magari ya kwanza kabisa hayakuwa na vioo vya pembeni. Mvua ikinyesha unaloa, au unafunga turubai. Vioo vilipokuja, na vikahitaji kupanda na kushuka, watu wakaweka ndani ya mlango meno ya gia, mikono ya chuma iliyojikunja kama mkasi, na reli za kuelekeza kioo. Nje ya hayo yote wakaacha kipini kimoja cha kuzungusha. Kama umewahi kupanda Peugeot 504 za safari ndefu unakijua hicho kipini vizuri, hasa kile ambacho kilikuwa kimeanguka na dereva anakitembeza kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Hata leo kuna Probox zinazobeba mzigo barabarani na milango yao ya nyuma bado ni ya kuzungusha.

Naanza hapa kwa sababu moja. Umeme ulipokuja, haukuondoa hizo reli na hiyo mikono. Mota ilikuja kuchukua kazi ya mkono wako peke yake. Mashine ya zamani bado iko ndani, na bado inachoka vile ilivyokuwa ikichoka. Kwenye magari mengi ya baadaye ile mikono ya mkasi ilibadilishwa na kebo nyembamba ya chuma inayozunguka kwenye vigurudumu vya plastiki, lakini kazi ni ileile.

Huu ndio ugonjwa wa tabaka la kwanza. Unasikia mota inalia ndani ya mlango lakini kioo hakisogei: kebo imekatika au plastiki imevunjika. Kioo kinapanda kikiwa kimeinama upande mmoja: kimetoka kwenye reli. Kinashuka vizuri lakini kikipanda kinajikokota: raba za pembeni zimekauka na kujaa vumbi, na mota inapigana nazo. Hapa hakuna shida ya umeme. Ukiweka mota mpya kwenye mlango ambao raba zake zimekauka, umeiajiri mota mpya kwa kazi iliyoua ile ya zamani.

Mafuta kabla ya umeme

Sasa twende Marekani, mwisho wa mwaka 1940. Kampuni ya Packard ilikuwa ikitengeneza magari ya matajiri, na kwenye modeli yake ya 180 ya mwaka 1941 ikaweka kitu kipya: madirisha yanayopanda na kushuka kwa kubonyeza. Lincoln wakafuata mwaka huohuo wa 1941 kwenye gari lao kubwa la Custom.

Lakini subiri. Hayo madirisha hayakuwa na mota ndani ya kila mlango. Kulikuwa na pampu moja ya umeme iliyosukuma mafuta kwa presha kupitia mipira, mafuta yakafika mlangoni na kuendesha silinda iliyobeba kioo. Ni akili ileile ya jeki ya gereji. Baada ya vita kuu ya pili mfumo huo ulienea kwenye magari ya kifahari ya Marekani, hasa yale ya kufunguka paa.

Mfumo ulifanya kazi, lakini ulikuwa unavuja. Nyingi ya hizo pampu zilitumia mafuta ya breki, na kila mtu aliyewahi kumwaga mafuta ya breki kwenye bodi anajua yanavyokula rangi. Fikiria una gari ya bei ya nyumba, na mlango unajitoa rangi kutoka ndani. Ndiyo maana wahandisi walitafuta njia ya kuondoa mafuta kabisa. Chrysler wakaipata: kwenye Imperial ya mwaka 1951 wakaweka madirisha yanayoendeshwa na umeme mtupu, kila mlango na mota yake.

Watu husimulia hii historia kama ya anasa tu, lakini kuna jambo la ufundi limejificha ndani yake. Siku pampu ilipoondolewa, kila kitu ambacho zamani kilikuwa mpira wa mafuta kikawa waya. Mpira ukitoboka unaona mafuta chini. Waya ukikatika ndani ya ganda lake huoni kitu. Tulitoka kwenye ugonjwa unaoonekana tukaingia kwenye ugonjwa uliojificha, na mpaka leo bado tunautafuta kwa macho.

Waya mbili na siri ya kurudi nyuma

Mota ya pawa windo ya gari ya kawaida ya miaka ya 1980 na 1990 ni kitu rahisi ajabu. Ina waya mbili. Ukipeleka umeme wa betri kwenye waya wa kwanza na ethi kwenye wa pili, inazunguka upande mmoja na kioo kinapanda. Ukigeuza, inazunguka upande mwingine na kioo kinashuka. Basi. Hakuna kompyuta, hakuna uchawi.

Kazi ya kugeuza inafanywa na swichi. Kwenye mifumo mingi, ukiwa hujabonyeza chochote, waya zote mbili za mota zimelala kwenye ethi. Ukibonyeza upande mmoja, swichi inauinua waya mmoja kutoka kwenye ethi na kuupeleka kwenye umeme, na ule mwingine unabaki pale pale kwenye ethi. Rudia hiyo sentensi kichwani, kwa sababu ndiyo inayookoa pesa. Ili kioo kisogee, unahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: umeme wa kwenda na njia ya kurudi. Fundi wengi hutafuta umeme wa kwenda. Wakiupata, wanasema mota imekufa. Njia ya kurudi hawakuipima.

Na sasa inakuja sehemu ambayo hata mafundi wazoefu huteleza.

Abiria wanapumulia kwa dereva

Mtu alipokubali kwamba kila mlango una swichi, swali likawa: dereva naye afanyeje akitaka kufunga dirisha la nyuma bila kuinuka? Jibu likawa swichi kuu, ile safu ya vitufe kwenye mlango wa dereva. Lakini mota ina waya mbili tu, na sasa kuna swichi mbili zinazoigombania. Ukiziunganisha vibaya, dereva akibonyeza juu na abiria akibonyeza chini kwa pamoja, unapiga shoti.

Suluhisho walilopata watengenezaji wengi ni la werevu. Swichi ya abiria haikupewa ethi yake yenyewe. Waya zake zinasafiri mpaka kwenye swichi kuu ya dereva, na huko ndiko zinakopata ethi. Yaani ukiwa umekaa nyuma kushoto na ukabonyeza kitufe chako, umeme unapita kwenye mota yako, unarudi mbele, unaingia mlango wa dereva, unapita ndani ya swichi yake, ndipo unafika kwenye bodi ya gari.

Umeona shida iko wapi? Vile vidole vya shaba ndani ya swichi ya dereva vikiungua au vikishika kutu, dirisha la abiria wa nyuma linakufa, ingawa swichi yake ni nzima, mota yake ni nzima, na waya zake zote ni nzima. Mara nyingine linakufa upande mmoja tu: linashuka na halipandi. Watu wamefungua mlango wa nyuma, wakabadilisha mota, wakabadilisha swichi ya nyuma, na ugonjwa wenyewe umekaa mbele kulia ukiwaangalia.

Weka juu ya hapo kile kitufe kidogo cha kufunga madirisha ya abiria. Kazi yake ni kukata njia ya umeme ya milango mingine yote. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, au kikichakaa ndani, madirisha matatu yanakufa pamoja na la dereva linabaki hai. Kabla ya kitu chochote, bonyeza hicho kitufe mara kumi. Usicheke. Kuna watu wamelipa gereji kwa sababu mtoto alikigusa.

Kwa nini kile kitufe kipo

Na si cha mapambo. Dirisha la umeme lina nguvu ya kubana shingo ya mtoto, na limeshaua watoto. Marekani ilianza kuweka sheria mapema: kiwango chao namba 118 cha usalama wa magari, kilichoanza kutumika mwaka 1971, kilidai madirisha yasifanye kazi mpaka ufunguo uwashwe, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Ndiyo sababu ukizima gari vioo vinakataa. Watu wengi hudhani ni betri inaokolewa.

Lakini sheria hiyo haikumaliza shida, kwa sababu umbo la swichi lenyewe lilikuwa mtego. Zile swichi za kubembea, ambazo ukikanyaga upande mmoja kioo kinapanda, mtoto anayechungulia nje angeweza kuzikanyaga kwa goti lake na kujibana mwenyewe. Ilichukua mpaka mwaka 2004 kwa wasimamizi wa usalama wa barabara huko kutoa kanuni ya kuzuia swichi zinazoweza kubonyezwa kwa bahati mbaya, na baadaye ikawa kwamba ili kupandisha kioo lazima uvute kitufe kuelekea juu.

Angalia gari yako. Kama kitufe kinavutwa kwa kidole ili kioo kipande, umebahatika. Kama ni cha kubembea, tumia kile kitufe cha kufunga abiria kila ukibeba watoto. Na kama fundi "amekiunga moja kwa moja" ili kuruka shida, mwambie akirudishe. Hapo hatuzungumzii tena usumbufu wa mvua.

Kutoka Japani hadi Mombasa

Hapa ndipo hadithi inakuwa yetu. Kwa muda mrefu magari mengi mapya ya Kenya yaliunganishwa humu humu, Thika, Mombasa na Nairobi, na mengi yalikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 masharti ya kuagiza bidhaa yakalegezwa, na mtumba wa Japani ukaingia kwa meli. Tunaendesha upande mmoja wa barabara na Wajapani, usukani uko kulia, na kule kwao ukaguzi wa lazima wa magari ni ghali kiasi kwamba wengi huona afadhali kuuza gari ikiwa bado nzuri. Gari iliyochosha mfuko wa Mjapani ikawa gari mpya ya Mkenya.

Kisha ukaja ule umri wa mwisho wa miaka 8, chini ya kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000. Piga hesabu kidogo. Gari inashuka bandarini ikiwa tayari na miaka 7. Wewe unaitumia miaka 10. Unamuuzia binamu yako, naye anaitumia nyingine 10. Swichi ya dereva ambayo ilitengenezewa mtu mmoja wa Osaka sasa inafanya kazi ya vizazi vitatu, kwenye vumbi na jua letu.

Tena tunaitumia zaidi. Hesabu ni mara ngapi unashusha kioo cha dereva kwa siku: tiketi ya maegesho, askari wa geti, njugu, polisi, salamu, kuongea na mtu wa boda aliyekugusa kioo cha pembeni. Halafu ukifika kwa jam karibu na Globe unakipandisha haraka kwa sababu ya simu yako. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kila safari, hata ukiwa peke yako. Kwa hivyo kwenye gari zetu, sehemu mbili ndizo hufa kwanza: swichi kuu, na waya zinazopita kwenye bawaba ya mlango wa dereva.

Na zile gari zilikuja na kitabu cha Kijapani. Hakuna mtu aliyetuletea michoro ya waya pamoja na meli. Kirinyaga Road, ambayo zamani iliitwa Grogan Road na mafundi hawajaacha kuiita Grogan, ilijifunza umeme wa Toyota na Nissan kwa kufungua na kuangalia. Ukiwaza hivyo, ni ajabu mafundi wetu wanajua mengi kiasi hicho.

Grisi iliyorudisha magari milioni 7

Kama unadhani swichi ya dereva ni kitu kidogo, kumbuka Oktoba 2012. Toyota ilitangaza wito wa kurudisha magari karibu milioni 7.43 duniani. Sababu? Swichi kuu ya pawa windo. Grisi ndani yake haikupakwa sawasawa, swichi ikawa inakwama au kukwaruza. Ikaongezwa onyo ambalo kila mtu mwenye Vitz au Corolla anapaswa kulijua: ukijaribu kuilainisha kwa mafuta ya kupulizia ya dukani, swichi inaweza kuyeyuka, kutoa moshi, na hata kuwaka.

Oktoba 2015 wakatangaza wito mwingine wa magari karibu milioni 6.5, tena kwa swichi kuu ya dirisha, tena kwa suala la grisi: ikiwa haitoshi, unga wa vyuma vinavyosuguana unaweza kujikusanya na kupiga shoti.

Sasa jiulize: barua ya wito inaenda kwa nani? Kwa mwenye gari aliye kwenye rekodi. Gari ikishafutwa Japani na kupandishwa meli, ile barua haijui njia ya Embakasi. Unaweza kuangalia mwenyewe namba ya chesisi kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, na ni dakika chache tu. Lakini wangapi wameambiwa? Badala yake, ushauri unaopewa kila mahali ni ule ule wa kupulizia WD-40 ndani ya swichi. Sisi tunapulizia kitu ambacho mtengenezaji alisema msipulizie. Kama swichi inakwama, ifungue, isafishe kwa kisafishaji cha vifaa vya umeme, iache ikauke kabisa, ama uibadilishe. Usiilainishe gizani.

Mita inayosema uongo

Tumebakisha ugonjwa mmoja, ule wa waya uliojificha. Kati ya mlango na bodi kuna raba iliyojikunja kama koo la kuku. Ndani yake zinapita waya zote za mlango. Kila ukifungua mlango zinakunjwa, kila ukifunga zinakunjuka. Miaka 20 ya hiyo kazi, nyuzi za shaba zinakatika moja baada ya nyingine, ganda la nje likiwa bado zima. Mwisho unabaki uzi mmoja.

Fundi anakuja na mita ya kidijitali, anaweka kwenye soketi ya mota, anasoma volti 12. "Umeme unafika. Ni mota." Mita haijadanganya, ila haijaulizwa swali sahihi. Mita ya kisasa haivuti karibu umeme wowote, na uzi mmoja wa shaba unatosha kuionyesha volti 12. Mota nayo inahitaji ampea kadhaa, na ikikwama inavuta zaidi. Ule uzi mmoja hauwezi kuzibeba. Mota ikianza kuvuta, volti zinaanguka karibu na sufuri.

Mzee wa zamani wa Grogan mwenye balbu ya indiketa na vipande viwili vya waya angekamata huo ugonjwa mara moja. Balbu inavuta umeme wa kweli. Iweke kwenye soketi ya mota, kati ya zile pini mbili, na mtu abonyeze swichi juu kisha chini. Ikiwaka kwa nguvu pande zote mbili na mota bado haizunguki ukiichomeka, sasa ndiyo unaweza kusema mota. Ikiwaka kwa unyonge, kuna waya au swichi inayokula umeme njiani. Isipowaka upande mmoja, rudi kwenye swichi kuu. Kipimo hiki cha bei ya balbu kinakata kesi ambayo mita ya elfu kadhaa imeshindwa.

Utaratibu, kwa mpangilio wa historia

Hivi ndivyo ningefanya, nikifuata tabaka kutoka lile rahisi.

Kwanza, hesabu yaliyokufa. Yote manne? Angalia fyuzi, rilei, na ethi. Matatu ya abiria? Kitufe cha kufunga, kisha swichi kuu. Moja tu? Endelea hapa chini.

Pili, sikiliza. Mota ikilia na kioo hakisogei, ni kebo au mikono. Acha umeme.

Tatu, usiku, ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, washa taa ya ndani na ubonyeze swichi huku ukiiangalia. Taa ikififia kidogo, umeme unafika kwenye mota na kitu kimekwama. Isipotingishika kabisa, njia imekatika mahali.

Nne, jaribu kutoka swichi zote mbili, ya dereva na ya mlango wenyewe. Ikifanya kazi kutoka moja na kukataa kutoka nyingine, mota imejitetea yenyewe mahakamani.

Tano, fungua mlango nusu, bonyeza swichi, na uuchezeshe mlango polepole. Kioo kikistuka, vuta ile raba ya bawaba utazame waya.

Sita, mtu abonyeze swichi huku wewe unagonga mlango kwa ngumi karibu na mota. Ikiamka, kaboni za ndani zimeisha. Hapo ndipo mota ina kosa.

Saba, balbu.

Na tahadhari mbili. Kabla ya kufungua mota kwenye mlango wa mikono ya mkasi, funga kioo na mikono isiweze kusogea, kwa sababu nyingi zina springi nzito inayoweza kukuvunja kidole. Na kama mlango una eabegi, toa betri kwanza na usubiri kabla ya kugusa waya zozote.

Huu utaratibu una mwisho wake pia. Mwaka 1986 Bosch walionyesha Detroit mfumo wa CAN, wa kufanya kompyuta za gari ziongee kwa waya mbili tu, na tangu miaka ya 1990 umekuwa ukihamia kwenye magari ya kila aina. Kwenye gari mpya, swichi yako haibebi tena umeme wa mota. Inatuma ombi tu, na kompyuta inaamua. Balbu bado inapima mota, lakini haisomi ombi. Kwa hivyo gari ya zamani ndiyo ya mwisho ambayo wewe na mimi tunaweza kuielewa kwa balbu na akili.

Ninachodai

Simwonei fundi. Fundi amelipwa na sisi kwa kubadilisha vitu, si kwa kufikiri. Akikaa saa nzima akipima na kukuambia "ni waya mmoja, nipe kitu kidogo", unalalamika kwamba hajafanya kazi. Akikubadilishia mota ya elfu nyingi kwa dakika 20, unamwita noma. Tumemfundisha sisi wenyewe. Mimi nasema tuanze kulipa saa ya kupima, kama vile daktari analipwa kukuangalia kabla ya kukuandikia dawa.

Pia nadai tuandike. Kizazi kilichofungua Toyota za kwanza za mtumba Grogan kinazeeka. Wanajua ni gari gani ethi yake inapita kwa dereva, na ni gari gani waya wake wa kijani hukatika kwanza. Hiyo elimu haiko kwenye kitabu chochote cha Kiswahili, na ile ya Kijapani hatuisomi. NITA inawapa mafundi mitihani ya gredi na vyeti, na hilo ni jambo jema, lakini cheti kinathibitisha unachojua, hakikihifadhi. Ukienda gereji wiki hii, beba simu. Fundi akifungua mlango, muulize anaangalia nini na kwa nini, umrekodi akikubali. Mtaje jina ukiweka mtandaoni, maana ni kazi yake.

Na wewe uliyeambiwa leo kwamba ni mota: kabla hujatoa pesa, muulize swali moja tu. "Umepima njia ya kurudi?"